Mke wa Fundi Hapimwi

Kabla ya safari, Fundi Nusu Inchi aliahidi mambo matatu: hatabeba sindano, hatabeba mkasi, na hatabeba tepu ya kupimia. Sindano aliziacha. Mkasi aliuacha pia, ingawa roho ilimuuma kama anayemwachia jirani mtoto anayenyonya. Tepu aliiviringisha na kuichomeka ndani ya soksi ya mguu wa kulia. Asubuhi ya siku ya pili ya mapumziko yao mjini, akishuka ngazi za hoteli nyuma ya mkewe, aliisikia ikimsugua kifundo kila hatua. Wanaume wote waliokuwa pale mapokezi walivaa ndala. Yeye peke yake alivaa soksi.

Na joto lile halikuwa la soksi. Saa tatu tu ya asubuhi, lami ilikuwa imeshalainika na ilishika soli. Watu walitembea wakibanana upande mmoja wa barabara, ule wenye kivuli, na aliyelazimika kuvuka alivuka mbio. Mkewe alifungua mwavuli, akamwuliza kama amelala vizuri. Fundi alisema amelala. Hakulala. Alikuwa ameamka mara nne kuangalia saa, na mara moja kuangalia jinsi mapazia ya hoteli yalivyopindwa.

Jina la Nusu Inchi alipewa na wateja, wala hakulichukia. Katika mji wao mdogo mafundi wa kushona walikuwa wengi, lakini mmoja tu ndiye angeweza kukuita barabarani, akakuvua suruali aliyokushonea mwenyewe na kuifumua, kwa sababu mguu mmoja umeuzidi mwenzake nusu inchi. Kila fundi mwenzake alikuwa na lake la kusemwa. Maneno mabaya zaidi alimwekea Mama Pacha, mwenye cherehani ya umeme ng'ambo ya barabara, ambaye kwa maoni yake alishona nguo kama anayefunga gunia la mkaa. Halafu alikuwa na msemo wake, ambao kila aliyewahi kukalia benchi la duka lake ameusikia hadi ukamchosha. "Mke wa fundi hapimwi," husema. "Wangu yuko hapa." Kisha hujigonga kichwa kwa subana ya chuma iliyo kidoleni.

Tuseme kweli, hakuwa kichwani tu. Alikuwa pia kwenye karatasi ya kaki iliyotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa duka, imekatwa kwa umbo lake, na vipimo vimeandikwa kwa penseli: kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane, nyonga thelathini na nane. Karatasi hiyo ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Magauni yote ya mkewe yalitoka humo, mawili au matatu kila mwaka, na Fundi hakuwahi kuongeza wala kupunguza.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na hata nyumbani aliitwa Mwalimu. Wiki mbili zijazo angeagwa shuleni baada ya miaka thelathini na mitatu ya chaki. Kungekuwa na viti uwanjani, hotuba, na wazazi aliowafundisha wenyewe walipokuwa watoto. Binti yao wa pekee, mwenye kazi nzuri mbali, ndiye aliyewalipia siku tatu za hoteli, akamwambia mama yake achague gauni la mbunifu, gauni la maana, la kusimama nalo mbele ya watu. Maneno hayo Fundi aliyasikia kwenye simu akiwa anatunga uzi, akajichoma kidole. Tangu waoane, mwanamke yule hakuwahi kuvaa gauni la mkono mwingine. Leo, siku ambayo mji mzima utamtazama, ndiyo avae kazi ya mtu asiyemjua? Watu wangesema nini? Na hata wasiposema, yeye Fundi angekaa kiti gani siku hiyo na uso gani?

Kwa hiyo alifanya jambo kwa siri. Jioni ya kuamkia safari alitoa kitambaa cha kijani alichokuwa amekificha tangu mwaka uliopita, kizito, chenye kung'aa kwa mbali. Akakikata kwa ile karatasi ya kaki, akavibana vipande kwa pini na kuvifunika shuka juu ya meza. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Watembee mjini, watazame, wasipate kitu. Warudi mikono mitupu, Mwalimu amekata tamaa, ndipo afunue shuka. Kuhusu kutopata kitu, hilo angelisimamia mwenyewe.

Alilisimamia tangu duka la kwanza. Mlango wa kioo ulifunguka wenyewe, baridi ya kiyoyozi ikawapiga kifuani, na Mwalimu akaenda moja kwa moja kwenye gauni jeupe lililoning'inia peke yake. Kabla hajaligusa, Fundi alikuwa ameshaligeuza ndani nje. Akatangaza kwamba bitana haikushonwa, imegandishwa kwa gundi, na gauni likifuliwa mara mbili litatoka mapovu. Muuzaji aliuliza kwa adabu kama mzee ni fundi. Mwalimu alijibu kwamba mzee yuko likizo.

Duka la pili lilikuwa na maua ya kupendeza sana, nami sitayadharau, lakini kwenye mshono wa ubavuni maua hayakukutana. Fundi alimwonyesha mkewe ua moja lililokatwa shingo, akamwonyesha la pili, na alipofika la tano Mwalimu alirudisha gauni mahali pake. La tatu lilikuwa na zipu iliyopinda. Hapo mlinzi aliwafuata kutoka kona moja hadi nyingine, akamwomba mzee aache kuvuta mapindo ya nguo ambazo hajazinunua. Fundi aliacha kuvuta, akahamia kunusa.

Hakutulia. Alikuwa kama kuku anayetaka kutaga: mara dirishani, mara kwenye henga, mara nje kuangalia jua, mara ndani tena. Kila Mwalimu aliponyoosha mkono, moyo wake uliruka. Kila alipourudisha, alipumua. Ushindi wenyewe haukuwa na utamu aliotarajia, kwa sababu mkewe hakukasirika. Aliitikia tu, akatafuta duka jingine, na joto likawapokea tena mlangoni na kuwasindikiza.

Saa sita waliketi kwenye ukingo wa saruji chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Mwalimu alivua viatu, akaweka nyayo juu ya saruji kutafuta ubaridi ambao haukuwepo. Walipokezana chupa moja ya maji. Fundi aliona ajaribu kulifunga jambo, akasema labda nguo za siku hizi ndivyo zilivyo, labda warudi hotelini wapumzike, kesho wasafiri mapema.

Mwalimu alimeza maji bila haraka.

"Tangu asubuhi umeona kasoro kumi na moja," alisema. "Nimezihesabu."

"Ni za kweli au si za kweli?"

"Zote ni za kweli. Ndiyo maana nimechoka." Alivaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili kwa mguu. "Limebaki duka moja alilonielekeza binti yako. Mimi leo nanunua gauni, mume wangu. Wewe utakaa kwenye kiti na utafunga mdomo."

Alisema bila ukali, kama anavyowaambia watoto wa darasa la kwanza wakae. Watoto wa darasa la kwanza hukaa.

Duka hilo lilikuwa ghorofa ya pili, dogo, na nguo zake zote zilikuwa za mbunifu mmoja. Hazikuzidi thelathini. Muuzaji alikuwa mwanamke mwembamba aliyechomeka penseli kwenye nywele. Alimpa Fundi kiti karibu na pazia la chumba cha kujaribia, akampa na maji, na Fundi akaketi huku goti likimchezacheza. Mwalimu alisimama mbele ya gauni la bluu iliyokolea, karibu na weusi, lenye mikono mirefu kidogo na shingo ya kawaida kabisa. Alisimama hapo kwa muda mrefu. Kutoka kwenye kiti Fundi alilikagua gauni lile juu hadi chini na chini hadi juu. Hakuona kasoro, jasho likamtoka ingawa kiyoyozi kilikuwa juu ya kichwa chake.

Muuzaji alieleza kwamba pale hawachagui kwa namba za lebo. Mbunifu anataka kila mtu apimwe kwanza. Mwalimu aliingia naye nyuma ya pazia. Fundi alisikia zipu ikishuka, kisha sauti ya muuzaji ikisoma taratibu kama anayejiandikia mwenyewe.

"Kifua, arobaini na moja."

Fundi alicheka peke yake. Msichana huyu hajui kupima.

"Kiuno, thelathini na sita. Nyonga, arobaini na nne."

Kicheko kilikatika. Mdomo ulikuwa umefungwa kwa amri, lakini kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaacha yapite, kama vile daktari hawezi kumpita mtu aliyeanguka njiani. Alisimama, akalisemesha pazia. Alisema kwa heshima zote kwamba tepu ya duka imesinyaa. Tepu za plastiki zikipigwa na kiyoyozi mchana kutwa husinyaa, na tepu iliyosinyaa husoma zaidi ya ukweli. Mke wake ana kifua cha thelathini na sita. Anajua, yeye ndiye fundi wake.

Muuzaji alijibu kwamba tepu ni mpya, ya wiki ile.

Hapo Fundi aliinama, akapandisha mguu wa suruali, akachomoa tepu kutoka ndani ya soksi. Ilikuwa na joto na unyevu wa mguu. Aliipitisha kwenye upenyo wa pazia bila kuchungulia, akasema, "Pima kwa hii."

Tepu ilipokelewa. Kisha sauti ya Mwalimu ikasema polepole, "Kumbe ulikuja nayo."

Fundi aliteremsha mguu wa suruali. Alimsikia muuzaji akiinyoosha tepu, akiizungusha, kisha akiizungusha tena.

"Kwa hii ya mzee," muuzaji alisema, "ni arobaini na moja na nusu."

Fundi aliketi. Mkono wa muuzaji ulitokea kwenye pazia ukiwa na gauni la njano la maua ambalo Mwalimu alikuja amelivaa, ukamwomba mzee ashike tafadhali, humu ndani hakuna msumari. Akalipokea magotini. Gauni lile alilijua. Alilishona mwaka jana wakati wa mvua, kwa karatasi ya kaki, kama mengine yote. Sasa swali likamjia, swali la hesabu tupu: kama kifua ni arobaini na moja na gauni ni la thelathini na sita, asubuhi hii mwanamke huyu aliingia kwa mlango gani?

Vidole vilimjibu kabla akili haijajibu. Vililigeuza gauni ndani nje, vikapita ubavuni, vikakuta mishono miwili mahali alipoacha mmoja. Kulikuwa na kipande kirefu, upana wa vidole vinne, kutoka kwapani hadi chini kwenye pindo. Upande wa pili vilevile. Kitambaa kilekile, maua yamekutana na maua bila hata jani moja kukatwa. Mwisho wa kila mshono palikuwa na fundo dogo mfano wa chembe ya mtama, na fundo hilo alilijua pia. Miaka mingi wateja walimletea nguo zenye fundo hilo wapunguziwe urefu, naye alilionyesha benchi zima na kulicheka. Lilikuwa fundo la Mama Pacha.

Ndipo akakumbuka vile vipande. Kila alipomaliza gauni la mkewe, Mwalimu aliomba mabaki ya kitambaa. Alisema ni ya somo la ufundi, watoto wabandike kwenye madaftari. Fundi alimsifu mbele za watu kwamba mke wake hatupi hata uzi. Na kila gauni jipya, Mwalimu hakulijaribu papo hapo. Alilikunja, akasema nguo mpya ina siku yake. Siku yake ilifika baada ya wiki, na Fundi alisimama mlangoni akalitazama linavyokaa, akajigonga kichwa kwa subana.

Angekuta kazi mbovu angepata pa kushikilia. Angesema, ona, ameharibu. Lakini kazi ilikuwa safi, na usafi wake ulimkata maini. Nyani haoni kundule, wazee walisema, na yeye alikuwa ameyacheka makundu ya nyani wote wa mji.

Pazia lilifunguliwa. Mwalimu alitoka amevaa bluu, peku, akasimama mbele ya kioo na hakujitazama kwenye kioo. Alimtazama mumewe. Fundi naye alimtazama, na sijui niseme aliona nini ambacho hakikuwepo jana na juzi. Aliona mwanamke wa miaka hamsini na minane, mpana, aliyejaa mikono, mwenye shingo yenye mistari miwili. Alikuwa mzuri. Fundi aliona haya kama mtu aliyefungua chumba kisicho chake.

"Haya," alisema Mwalimu. "Ruhusa ya kusema umepata. Lina kasoro gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kuivumbua kasoro, kwani kasoro haikosekani. Kile kitambaa cha kijani kilikuwa kinamsubiri chini ya shuka. Kisha akakumbuka kilivyokatwa.

"Gauni halina kosa," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Ila bega lako la kushoto limeshuka. Gauni limekatwa kwa mabega yaliyo sawa."

"La madaftari hilo," Mwalimu alisema. "Miaka thelathini na mitatu begi liko upande huohuo."

Muuzaji alikaribia, akatazama, akakiri mzee ana jicho. Ni jambo dogo, alisema, kubana kidogo mshono wa begani, lakini fundi wao harudi hadi Jumatatu. Mwalimu alimwambia wao wanasafiri kesho. Basi muuzaji akauliza, kwa nia njema kabisa, kama huko nyumbani mama ana fundi anayemwamini.

Mwalimu aliteremsha macho hadi kwenye gauni la njano lililolala ndani nje magotini pa mumewe, vipande vyote viwili viko hadharani.

"Wapo wawili," alisema.

Barabarani Fundi alitangulia mbele, mbiombio, mikono nyuma. Aliipita njia ya hoteli bila kuiona. Jua lilikuwa utosini, watu wenye akili zao walikuwa wamejificha, na yeye alikata kona hii, akakata ile, huku tepu aliyorudishiwa ikining'inia mfukoni. Mwalimu alimfuata na mfuko wa gauni mkononi na mwavuli juu. Hakumwita, alimfuata tu. Alishazoea kufuata watoto waliokimbia darasani, na alijua kwamba mtoto hukimbia hadi apate mahali pa kulia.

Mahali hapo palikuwa ngazi za jengo la ofisi lililofungwa kwa chakula cha mchana. Fundi alisimama, akaanza kuuliza bila kugeuka. Alitaka kujua tangu lini. Miaka kumi na mmoja, alijibiwa. Alitaka kujua ni magauni mangapi. Yote. Alitaka kujua ni nani mwingine anajua. Hakuna, alisema Mwalimu, Mama Pacha hana mdomo.

Hilo lilimwingia kuliko mengine. Miaka kumi na mmoja amekaa kwenye benchi lake akimchana Mama Pacha mbele ya wateja, sauti ikivuka barabara, na mama yule akiendelea kukanyaga cherehani yake. Angeweza kummaliza kwa neno moja tu, na hakulisema.

"Kwa nini hukuniambia?" Sasa aligeuka.

"Nilikuambia. Lile la zambarau, la kwanza. Nilisema linabana. Ukasema haliwezi kubana kwa sababu umelikata kwa kipimo."

Hakukumbuka. Alijua ni kweli, kwa sababu hayo ndiyo maneno yake.

"Ukimaliza gauni husimama kule mbali, ukalitazama," Mwalimu alisema. "Unatazama pindo, unatazama shingo, unafurahi. Mimi nilikuwa ndani, mume wangu. Nilikuwa ndani siwezi kupumua, na wewe unalisifu pindo."

Gari lilipita, vumbi moto likawafunika miguu. Fundi alitaka kusema samahani, ikashindwa kutoka, badala yake likatoka lile jingine alilokuwa amelificha. Alisema kuna kitambaa cha kijani nyumbani. Alisema amekwisha kukikata. Ni cha siku ya kuagwa kwake.

Mwalimu alimkazia macho. "Umekikata kwa kipimo gani?"

Halikuwa swali la kujibiwa. Mwalimu alianza kucheka. Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi, mwavuli ukamlalia begani, akacheka tena alipomwona mumewe akihesabu kwa vidole nani mwingine duniani ana kifua cha thelathini na sita. Alimfikiria binti yao, akamwondoa: binti alichukua mwili wa baba yake, mrefu na bapa. Hapakuwa na mtu. Mkasi ukishapita haurudi, na kitambaa kile kilikuwa kimekatwa kwa ajili ya mwanamke aliyeondoka zamani bila kuaga. Kicheko cha Mwalimu kilipoisha alijifuta macho kwa kiganja, na aliendelea kuyafuta zaidi ya kicheko kilivyohitaji.

"Kilikuwa kizuri?" aliuliza.

"Kizuri sana," alisema Fundi.

Walirudi hotelini pamoja, chini ya mwavuli mmoja uliowatosha nusunusu.

Chumbani feni ilizungusha joto lilelile. Mwalimu alioga, akavaa gauni la bluu, akatoka bafuni ameshika kijikasha kidogo cha karatasi ambacho hoteli huwawekea wageni: sindano mbili, vifungo viwili, uzi wa rangi tano. Alikiweka juu ya kitanda mbele ya mumewe, aliyekuwa amekaa, akasimama, akakaa, akasimama dirishani.

"Wewe sindano hukubeba," alisema. "Hizi ni za hoteli. Au nimngoje Mama Pacha?"

Fundi hakupokea sindano kwanza. Alitoa tepu mfukoni. Akamwomba asimame katikati ya chumba, akaanza upya, kama anayempima mtu aliyeingia dukani leo kwa mara ya kwanza. Shingo. Kifua. Kiuno. Nyonga. Bega la kulia, bega la kushoto. Mara mbili alirudia. Alisoma kwa sauti, na Mwalimu akaandika kwenye karatasi ya hoteli kwa mwandiko wake wa darasa la kwanza, mkubwa na wa mviringo, ambao hata mtu asiye na miwani angeusoma. Hakuna kilichobaki kichwani.

Kisha alitunga uzi wa bluu, akabana mshono wa bega la kushoto, akatia sindano tatu nne za kushikiza. Alirudi nyuma hatua mbili kutazama. Bega lilikuwa limenyooka. Gauni lilikaa sawa kabisa, pindo halikupanda wala kushuka, na kwa desturi yake kazi ingekuwa imekwisha hapo. Fundi alibaki amesimama na sindano mkononi, jasho likimtiririka nyuma ya masikio. Ndipo akauliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza katika ndoa yao yote.

"Panabana?"

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. Aliinua mkono juu, kama anayeandika tarehe kwenye kona ya juu ya ubao, akaushusha, akauinua tena.

"Hapa kwapani," alisema. "Kidogo."

Ulimi wa Fundi ulikuwa umeshaandaa jibu, lile la siku zote. Alilimeza, akasogea, akakata uzi kwa meno, kwa kuwa mkasi hakuwa nao.

"Nilegeze kiasi gani?"

Mkewe alifikiri, mkono ungali juu.

"Nusu inchi," alisema.

Fundi alifumua, akaanza tena.